Mdai wa Bwana Kiboko

— Ngano, ngano!
— Itwange tuile!
— Na pumba zake?
— Peperusha!
— Na mawe yaliyomo?
— Tutayatafuna!

Haya, basi kazeni meno.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na mto, na kando ya mto palikuwa na kinu cha miwa. Mwenye kinu alikuwa Bwana Kiboko. Mwili wake ulikuwa mkubwa, na kinywa chake kikubwa kuliko mwili. Akipiga miayo, popo walikuja kutafuta pa kulala.

Kabla ya kinu, kila mnyama wa bonde lile alikuwa na kishamba chake. Huyu mihogo, yule kunde, yule viazi vitamu. Bwana Kiboko alipokuja aliwakusanya akawaambia, "Mihogo ya nini, jamani? Ing'oeni. Pandeni miwa, mniletee, mje mfanye kazi kwangu, nami nitawalipa mapande ya sukari guru. Mwenye sukari atakosa muhogo?"

Wakatazamana. Kweli, mwenye sukari atakosa muhogo? Wakang'oa mihogo. Wakang'oa kunde. Wakang'oa viazi. Wakapanda miwa mpaka mlangoni, mtu akitoka kwenda haja anaipapasa miwa.

Kinu kikaanza kulia. Kwiii-kwa! Kwiii-kwa! Aliyekizungusha alikuwa Mzee Punda, amefungwa kwenye mti wa kinu, azunguka tangu asubuhi hadi jioni. Penye lango aliketi Mama Kanga na sufuria yake, akiwauzia wafanyakazi uji. Kivulini alikaa Nyani, msimamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kusema, "Mzee amesema." Mzee amesema kazeni mwendo. Mzee amesema msilambe makarai. Na kwenye miwa, kabla wakataji hawajaingia, alitangulia Bi Nguchiro kufukuza nyoka. Mwili wake ulikuwa kama kiatu kimoja, na wanawe walikuwa wengi kama viatu vya msikitini. Ni kazi nyepesi ile, kwa asiyeogopa kufa.

Wakifanya kazi waliimba:

Kinu kinalia, kwiii-kwa!
Nani analamba, kwiii-kwa!
Anayesaga halambi, kwiii-kwa!
Anayelamba hasagi, kwiii-kwa!

Bwana Kiboko aliusikia wimbo akaupenda sana. Alidhani unamsifu.

Mwanzoni pande la ujira lilikuwa kama ngumi. Wakafurahi. Baadaye likawa kama yai la Kanga. Wakauliza. Nyani akasema, "Mzee amesema hali ngumu." Baadaye likawa kama kidole gumba. Wakauliza. Nyani akasema, "Mzee amesema hali ngumu." Mwisho hawakupewa kitu, walipewa tumaini. Wakauliza, "Hali ngumu?" Nyani akasema, "Sasa mmeanza kuelewa."

Ajabu ni kwamba hali ilivyozidi kuwa ngumu, ndivyo Bwana Kiboko alivyozidi kunenepa.

Basi asubuhi moja wakaja kazini wakakuta kimya. Hakuna kwiii, hakuna kwa. Lango limefungwa kwa mnyororo. Bwana Kiboko yupo mbele ya lango, ameketi chini vumbini, analia. Na Kiboko akilia, jamani, analia! Buuu! Buuu! Machozi kama yaliyomwagwa kwa debe.

"Wanangu," akasema, "nimefilisika. Sina kitu. Mwili huu mnaouona ni huzuni tu, imenivimbisha."

"Maskini," akasema Mama Kanga.

"Na ujira wetu, Mzee?" akauliza Bi Nguchiro.

"Mwanangu, ningekupa nini? Kinu si changu tena. Makarai si yangu. Sukari iliyokuwa ghalani imechukuliwa. Vyote ni vya mdai wangu."

"Mdai wako nani, Mzee?"

Bwana Kiboko akatazama juu, akatazama chini. "Ni... Bwana Gwiji."

"Bwana Gwiji ndiye nani?"

"Ha! Humjui Bwana Gwiji? Ni bora usimjue. Anakaa huko milimani, chini ya ardhi. Mwili wake wote ngao tupu, mkuki haupenyi. Haonekani ovyo. Hasemi na wadogo. Mimi mwenyewe nilikopa kwake kwa ajili yenu, nikiwatafutia riziki, sijapata kumtia machoni. Yeye ndiye wa kwanza kulipwa. Akishashiba yeye, kikibaki kitu, ndipo ninyi."

"Na kikibaki?"

"Hakibaki. Buuu! Buuu!"

Alilia vizuri mno. Mama Kanga akamletea sufuria nzima ya uji. Mzee Punda akakimbia nyumbani akaleta viazi alivyovificha kwa ajili ya njaa, akasema, "Pokea, Mzee, sisi tumezoea shida, wewe hujazoea." Bwana Kiboko akapokea. Akala viazi, akanywa uji, akafuta machozi, akauliza kama hakuna chumvi.

Kisha kila mtu akarudi kwake.

Sasa sikilizeni jinsi bonde lilivyokuwa. Miwa ilisimama mashambani ikakauka. Mihogo haikuwapo, kunde hazikuwapo. Watoto walitafuna miwa mikavu mpaka ndimi zikachubuka. Mama Kanga alipika uji ule wa mwisho, hakupata mnunuzi, akaunywa na vifaranga wake, kisha akaifunika sufuria kifudifudi. Akina Swala walifunga virago wakaenda kutafuta kazi bonde la pili. Walisema, "Tutaleta habari." Hadi leo habari hazijafika.

Na Mzee Punda? Mzee Punda alikuwa hajui tena kwenda mbele. Maisha yake yote alizunguka. Mkewe akimtuma maji, alitoka na ndoo, akazunguka nyumba, akazunguka tena, akarudi mlangoni na ndoo tupu, akauliza, "Nimefika?" Watoto wa jirani walicheka. Mkewe hakucheka. Alimshika kamba taratibu, akamwongoza mtoni, na njiani alitazama pembeni ili mumewe asione uso wake.

Bi Nguchiro aliyaona hayo. Aliwaona na wanawe pia, wamelala mchana kweupe kwa sababu anayelala hasikii tumbo. Akaenda kwa Nyani.

"Msimamizi, tufanyeje?"

"Mzee amesema subirini."

"Tusubiri nini?"

"Hilo hakusema."

Bi Nguchiro akashuka mtoni akakae peke yake afikiri. Ilikuwa saa ya jua kali, wakati wanyama wote wamejificha vivulini. Akatazama mto. Akaona kisiwa.

Akajiambia, "Mbona jana hapakuwa na kisiwa?"

Akatazama tena. Kisiwa kina masikio. Kisiwa kinakwenda. Na juu ya kisiwa kuna magunia yamepangwa, na magunia yananukia sukari guru mpaka nyuki wanayafuata. Kisiwa kikavuka, shwaa, shwaa, kikafika ng'ambo, kikapanda ukingoni, kikawa Bwana Kiboko. Kule ng'ambo kulikuwa na kibanda kipya cha makuti. Bwana Kiboko akatua magunia ndani, akajipiga tumbo, pa! pa! akacheka, akarudi majini. Chubwi!

Bi Nguchiro akajibanza nyasini. Angeweza kupiga kelele. Lakini akiwaita wenzake, Kiboko atasema, "Nampelekea Bwana Gwiji mali yake," nao watamsaidia kubeba. Aliwajua wenzake.

"Hivi," akasema moyoni, "huyu Bwana Gwiji hayupo. Na kama hayupo, ni lazima atafutwe."

Akashika njia ya milimani, ti-ti-ti-ti. Akapanda, ti-ti-ti-ti. Akafika penye kichuguu kikubwa, akamkuta mtu mmoja ameinama, ulimi wake mrefu uko ndani ya kichuguu, anavuta mchwa. Sluuup! Huyo alikuwa Babu Kakakuona. Mwili wake wote magamba, kichwa mpaka mkia. Kule bondeni hapakuwa na aliyewahi kumwona, maana alikuwa na haya kuliko bibi harusi.

"Shikamoo, Babu."

Babu Kakakuona alishtuka, akajikunja akawa mpira. Kutoka ndani ya mpira ikatoka sauti, "Marahaba. Nenda zako."

"Babu, nimekuja kukupa ukubwa."

"Siutaki."

"Ni kazi ya kukaa kwenye kiti tu."

"Watu watanitazama?"

"Watakutazama."

"Siutaki kabisa."

"Utapaswa kusema neno moja tu. Sema, 'Hm.'"

"Hm," ikasema sauti, kwa kujaribu. Kisha, "Hapana. Nitakosea."

Bi Nguchiro akakaa karibu na mpira, akashusha sauti. "Babu, hakuna mkubwa anayekosea akisema 'Hm.' Nawe unisikilize. Kule kinuni nguzo zote ni za zamani. Paa lote ni la zamani. Mchwa wamejaa, Babu. Ukiweka sikio kwenye nguzo unawasikia wanatafuna, kru-kru-kru."

Mpira ukafunguka kidogo. Jicho moja likatokeza. "Mchwa wanene?"

"Wamelelewa kwa sukari."

Babu Kakakuona akasimama, akapangusa vumbi. "Hm," akasema. Safari hii aliisema vizuri sana.

Kesho yake, jua likiwa limekwisha panda, bonde lote lilisikia Bi Nguchiro akipita nyumba hadi nyumba, akipiga vigelegele. "Tokeni! Tokeni! Bwana Gwiji amefika! Mdai wa Mzee amekuja kuchukua mali yake!"

Wakatoka. Mama Kanga akatoka na vifaranga. Mzee Punda akatoka, mkewe amemshika kamba. Nyani akaruka kutoka mtini akasimama wima. Wakaenda mpaka langoni, wakamwona kiumbe wasiyepata kumwona, mwili wake wote ngao tupu, anatembea polepole, kichwa chini, mkia nyuma. Wakarudi nyuma hatua moja. Ni kama Mzee alivyosema!

Babu Kakakuona hakumtazama mtu, maana aliona haya. Alipenya chini ya mnyororo wa lango, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya kwanza, akaweka sikio. Kru-kru-kru. Akapitisha ulimi. Sluuup! Akaenda kwenye nguzo ya pili. Sluuup!

"Anafanya nini?" Nyani akanong'ona.

"Anakagua mali," akasema Bi Nguchiro.

"Mkubwa kweli huyu," akasema Nyani, akaanza kumpangusia njia kwa mkia wake.

Bwana Kiboko akasikia kelele akaja mbio, gubu! gubu! gubu!, maji yanamtiririka. "Kuna nini kinuni kwangu?"

"Kwako, Mzee?" akauliza Bi Nguchiro.

"Nilisema kwangu? Kinuni kwa... kwa mwenyewe."

"Basi mwenyewe ndiye huyu. Bwana Gwiji. Mimi nimepewa kazi ya kumfasiria, kwa kuwa hasemi na wadogo. Mzee, mkaribishe mdai wako."

Bwana Kiboko akamtazama Babu Kakakuona. Akafungua kinywa kile chote. Akacheka, "Huyu? Huyu siye Bwana Gwiji! Bwana Gwiji..."

Akakwama.

Wote walikuwa wanamtazama.

"Eh, Mzee," akasema Bi Nguchiro kwa upole, "Bwana Gwiji nini? Sema. Kama huyu siye, tuelekeze aliko wa kweli, twende sote tumwite. Au ulitaka kusema Bwana Gwiji hayupo? Mwambie Mzee Punda hayupo. Mwambie uso kwa uso, yeye aliyekupa viazi vyake."

Mzee Punda alikuwa mtu mpole. Lakini alikuwa amesimama, amempa Kiboko mgongo, na miguu ya nyuma ya punda haina haja ya kujua kwenda mbele.

Bwana Kiboko akaitazama ile miguu. Jasho likamtoka, na mnajua jasho la kiboko ni jekundu. Akapiga goti vumbini.

"Karibu, Bwana Gwiji," akasema. "Tumekungoja sana."

"Hm," akasema Babu Kakakuona.

"Anauliza," akasema Bi Nguchiro, "mali yake yote iko hapa?"

"Yote, Bwana. Kinu hiki, makarai haya, basi."

"Hm."

"Anauliza, na ile ya ng'ambo? Iliyo kwenye kibanda kipya cha makuti?"

Wafanyakazi wakaanza kunong'ona. Kibanda gani? Ng'ambo gani? Mama Kanga akauliza kwa sauti kubwa, "Mzee, una kibanda ng'ambo?" Na Bwana Kiboko, mkubwa yule, akawa mdogo pale pale.

"Nilikuwa," akasema, "nilikuwa namtunzia Bwana Gwiji. Isije ikaibiwa na hawa."

"Hm!"

"Anasema ahsante sana kwa kutunza. Sasa kailete."

Basi jua kali, Bwana Kiboko akavuka mto, shwaa, shwaa. Akarudi na magunia mgongoni, nyuki nyuma. Akavuka tena, akarudi tena. Wafanyakazi walijipanga ukingoni wakaimba wimbo wao wote, na safari hii Kiboko aliyasikia maneno.

Anayesaga halambi, kwiii-kwa!
Anayelamba hasagi, kwiii-kwa!

Mali ilipokwisha kufika, Bi Nguchiro akamgeukia Babu Kakakuona. "Bwana Gwiji, unaamuaje?"

Babu alikuwa kwenye nguzo ya kona, kinywa kimejaa. "Hm," akasema.

Bi Nguchiro akasafisha koo. "Bwana Gwiji anasema hivi. Sukari hii wapewe waliosaga, kila mtu kadiri alivyotoa jasho. Anasema kinu ni chake, naye anawaachia wafanyakazi wakiendeshe wenyewe, wagawane kinachopatikana. Anasema nusu ya kila shamba irudishwe mihogo. Anasema wanaotaka kupanda mihogo waanze leo, mvua i karibu. Anasema pia Mama Kanga apewe kibanda penye kivuli."

"Yote hayo kwa 'Hm' moja?" Bwana Kiboko akalalamika.

"Lugha yao fupi."

"Na mimi?" akauliza Bwana Kiboko. "Mimi nitakula nini?"

"Hm."

"Anakuonea huruma, kwa kuwa amesikia umefilisika, huna kitu. Anakupa kazi. Mti wa kinu una nafasi ya wawili."

Bwana Kiboko akafungwa upande mmoja, Mzee Punda upande wa pili. Kwiii-kwa! Kwiii-kwa! Kabla ya alasiri Kiboko alikuwa anahema kama mvukuto. Akamwita Nyani. "Msimamizi, ujira hapa unatolewa lini?"

Nyani alikuwa tayari amekaa kivulini. Akasema, "Bwana Gwiji amesema hali ngumu."

Alaa! Mama Kanga alisikia akaja na mwiko. Alimpiga Nyani mwiko wa kichwa, ta!, akamshusha kivulini, akampa jembe. "Hapa hakuna anayesema anachosema mwingine," akamwambia. "Na Kiboko huyu naye atalipwa Ijumaa, kama wote. Sisi siyo yeye." Na kweli Ijumaa ilipofika Bwana Kiboko alipewa pande lake, la kama ngumi. Alilishika muda mrefu analitazama. Alikuwa amekula sukari ya magunia na magunia, lakini wanasema hilo ndilo la kwanza alilolionja. Wengine wanasema alilimeza bila kutafuna. Mimi sikuwapo.

Siyo kwamba kila kitu kilipona. Babu Kakakuona alipoondoka, mchwa walikuwa wamekwisha, lakini nguzo nazo zilikuwa tundu tupu, ikabidi paa lijengwe upya. Akina Swala hawakurudi, na nyumba yao imeota magugu. Na Mzee Punda aliwekwa zamu fupi, apumzike. Sasa akitumwa maji huzunguka nyumba mara moja tu, kisha anatazama njia, anaifikiria, anaishika.

Ngano yangu naitua hapa. Ikikulemea, mtwike jirani yako.

Mnaniuliza funzo? Funzo lipo, nani alisema halipo? Funzo ni kwamba uongo haufai. Mkimwona tajiri analia langoni, msimuulize maswali, mpeni viazi. Mheshimuni sana mdai wake, hata kama hamjamwona. Na mkumbuke wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli tupu. Bi Nguchiro alijenga karibu na kinu, njia yake ni hatua chache kutoka mlangoni, na kila Ijumaa ndiye anayetangulia kufika kupokea ujira.